Sura ya Saba: Nani Amekula Riba?

Tarehe 7 Agosti 2008, Jaji James Robertson wa mahakama ya shirikisho mjini Washington alitamka kiasi ambacho serikali ya Marekani ingewalipa wenyeji wa asili wa nchi hiyo: dola milioni 455.6. Wadai, ambao walikuwa zaidi ya laki tatu, walikuwa wameomba karibu dola bilioni 47. Kwa kila dola waliyoiomba, walipewa chini ya senti moja.

Mtu akisikia hivyo hudhani kwamba upande mmoja ulikuwa na ushahidi na mwingine ulikuwa na ndoto. Sivyo. Pande zote mbili zilisoma vitabu vilevile vya hesabu, vyenye mapengo yaleyale. Sehemu kubwa ya tofauti ile ilitokana na swali moja ambalo kesi za amana hulikwepa mpaka dakika ya mwisho: fedha ya mtu ikikaa miaka mia mkononi mwa mdhamini, faida ya kukaa huko ni ya nani? Na swali hilo lilipokwisha kujibiwa kwa namna yake, likazuka la pili, chungu kuliko la kwanza: mawakili waliopigana miaka yote hiyo walipwe na nani, na kiasi gani?

Watu wengi hudhani riba na gharama ni mabaki ya kesi, mambo ya makarani baada ya jaji kuondoka. Mimi naona kinyume. Katika ugomvi wa amana, mara nyingi kuthibitisha kosa ndiyo kazi nyepesi. Riba na gharama ndizo zinazoamua kama aliyeshinda amepata kitu.

Amana yenyewe ilianza mwaka 1887, Congress ilipopitisha Sheria ya Dawes. Ardhi za makabila, zilizokuwa mali ya jamii nzima, zikakatwa vipande. Mkuu wa kaya alipewa kwa kawaida ekari 160. Lakini hakukabidhiwa hati mkononi. Serikali ilijiweka kuwa mdhamini kwa miaka 25, na mwaka 1934 muda huo ukaongezwa bila kikomo. Ardhi iliyobaki baada ya ugawaji ilikwenda kwa walowezi. Kutoka ekari milioni 138 mwaka 1887, wenyeji walibakiwa na milioni 48 hivi mwaka 1934.

Serikali ndiyo iliyokodisha vile vipande kwa wafugaji, kampuni za mafuta na wakata mbao, na ndiyo iliyopokea malipo. Fedha zikaingia katika akaunti za mtu mmoja mmoja zilizosimamiwa na Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo kule haishughuliki na polisi bali na ardhi, madini na mambo ya wenyeji. Wamiliki wa kwanza walipofariki, kila kipande kikarithiwa na watoto, kisha wajukuu, kisha vitukuu, bila kugawanywa ardhini. Ikafika mahali ekari chache zina wenyewe mamia, na mrithi anapokea hundi ya senti kadhaa, bila karatasi ya kumweleza ni kisima kipi cha mafuta, mkataba upi, au mwaka gani.

Elouise Cobell alikulia katika mazingira hayo kwenye hifadhi ya Blackfeet, jimbo la Montana. Alisomea uhasibu, akawa mweka hazina wa kabila lake, na mwaka 1987 alikuwa mstari wa mbele kuanzisha Blackfeet National Bank, benki ya kwanza ya kitaifa kumilikiwa na kabila. Mweka hazina ni mtu hatari kwa mdhamini mzembe. Yeye hataki hotuba juu ya dhuluma za mababu, anataka kuona leja. Cobell aliomba leja kwa miaka na hakuzipata. Tarehe 10 Juni 1996 alifungua kesi akiwa na wenzake wanne, kwa niaba ya kila mwenye akaunti.

Hakuomba fidia. Aliomba hesabu. Haki ya mnufaika kumwambia mdhamini "nionyeshe" ni ya kale kuliko haki ya kumwambia "nilipe", na ni ngumu zaidi kuikataa. Mwaka 1999 Jaji Royce Lamberth aliamua kwamba serikali imevunja wajibu wake wa udhamini. Mwaka huohuo aliwatia hatiani mawaziri wawili, Bruce Babbitt wa Mambo ya Ndani na Robert Rubin wa Hazina, kwa kudharau mahakama, kwa kuwa nyaraka alizoagiza zitolewe hazikutolewa. Ikagundulika kwamba Hazina ilikuwa imeharibu maboksi 162 ya kumbukumbu kesi ikiendelea. Sitakaa sana juu ya vituko vya miaka iliyofuata, ingawa vilikuwa vingi: mwaka 2001 wizara ilikatwa kwenye intaneti kwa amri ya mahakama kwa sababu data za amana hazikuwa salama, na mwaka 2006 Lamberth mwenyewe aliondolewa katika kesi na Mahakama ya Rufaa iliyoona ukali wake dhidi ya wizara umepita mpaka. Robertson ndiye aliyeachiwa jalada.

Sasa tuje kwenye fedha. Chukua dola 100 zilizoingia kwenye akaunti na hazikutoka, na riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Riba ikihesabiwa juu ya mtaji peke yake, baada ya miaka 100 mwenye akaunti anadai dola 500. Riba ya kila mwaka ikiongezwa kwenye mtaji na kuzaa riba nyingine, anadai dola 5,050 hivi. Fedha ni ileile, asilimia ni ileile, miaka ni ileile, na deni moja ni mara kumi ya jingine. Bila riba yoyote, anadai dola 100, ambazo baada ya karne moja hazinunui sehemu ndogo ya kile zilichoweza kununua mwanzo. Mwenye kuamua ni safu ipi ya hesabu itumike ameamua kesi.

Msomaji wa Mombasa au Unguja ambaye dini yake inakataza riba anaweza kuguna hapa, na ana haki ya kuguna. Lakini hapa hakuna mkopeshaji anayemkamua mhitaji. Mlezi aliyeachiwa minazi ya yatima, akavuna miaka thelathini, kisha akarudisha minazi bila kutaja nazi, hajarudisha mali ya yatima. Mahakama za Uingereza zilizosimamia haki za amana zilishika msimamo huo tangu zamani: mdhamini aliyetumia fedha ya amana kwa shughuli zake anaweza kuamriwa kulipa hata riba juu ya riba, si kama adhabu, bali kwa sababu inachukuliwa kwamba faida hiyo ameipata na haruhusiwi kubaki nayo.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika kesi ambayo wanafunzi wa sheria wa Dar es Salaam na Nairobi huisoma wakidhani inahusu nadharia. Mwaka 1987 benki ya Kijerumani, Westdeutsche Landesbank, ililipa pauni milioni 2.5 kwa halmashauri ya Islington, London, katika mkataba wa kubadilishana viwango vya riba. Baadaye mahakama ikatamka kwamba halmashauri za miji hazikuwa na mamlaka ya kuingia mikataba ya aina hiyo, kwa hiyo mkataba ni batili. Ilipofika ngazi ya juu kabisa mwaka 1996, Islington haikubishi tena kwamba ilipaswa kurudisha salio la mtaji. Kilichobaki ni riba: ya mtaji peke yake au ya kuzaana? Ili kupata ya kuzaana, benki ilipaswa kuthibitisha kwamba fedha zile zilishikwa na halmashauri kwa amana. Majaji wakaandika kurasa nyingi juu ya amana huanza lini na dhamiri ya mpokeaji hufungwa na nini, kisha wakagawanyika watatu kwa wawili, na benki ikashindwa. Kurasa zile zinazonukuliwa mpaka leo ziliandikwa kwa sababu ya ugomvi wa riba.

Kwa kipimo hicho, Cobell alipaswa kuwa na kazi rahisi. Mdhamini alikuwepo kwa sheria, fedha ziliingia Hazina, na Hazina ikizitumia haikulazimika kukopa kiasi hichohicho sokoni. Wadai walijenga hoja yao hapo: kila dola iliyokaa Hazina bila kumfikia mwenyewe iliiokolea serikali gharama ya kukopa, na wao wanadai kilichookolewa. Ndipo bilioni 47 zilipotoka.

Shida ni kwamba mdhamini huyu alikuwa dola, na dola ya Marekani hailipi riba mpaka Congress iseme wazi kwamba italipa. Mwaka 1986 Mahakama Kuu kabisa ilikuwa imeifunga njia hiyo kwa kufuli katika kesi ya Shaw, mfanyakazi wa maktaba ya Congress aliyedai kubaguliwa kazini. Shaw alifikia makubaliano na mwajiri, na ikabaki ada ya wakili wake. Kwa kuwa malipo yalikuwa yamechelewa, mahakama ya chini ilikuwa imeiongeza ada ile kwa asilimia 30. Mahakama Kuu ikakataa: nyongeza ya ucheleweshaji ni riba, na kuiita fidia, hasara au jina jingine lolote hakubadilishi kitu. Kwa uamuzi mmoja, riba na ada ya wakili vilikutana, na nyongeza ya ucheleweshaji ikarudi nyumbani mikono mitupu.

Kulikuwa na upenyo mwembamba. Mwaka 1968 mahakama hiyohiyo ilisema, katika kesi ya kabila la Peoria, kwamba pale mkataba wa 1854 ulipoitaka serikali iwekeze fedha za kabila na serikali haikuwekeza, mapato yaliyokosekana ni hasara ya kawaida inayodaiwa. Maana yake ni hii: mdhamini aliyeagizwa kuwekeza na akazembea anadaiwa faida, lakini aliyekaa tu na fedha anaweza kujificha nyuma ya kinga ya dola. Mimi naiona tofauti hiyo haina utu, maana mwenye akaunti hakuona tofauti yoyote mfukoni, lakini ndiyo sheria aliyoikuta Robertson. Aliyaona madai ya faida ya Hazina kuwa riba iliyovaa nguo nyingine, akayakataa, akakadiria kwa takwimu upungufu wa mtaji uliokuwa unakosa maelezo. Milioni 455.6.

Hata hizo hazikulipwa. Julai 2009 Mahakama ya Rufaa ilitengua hukumu yote, ikisema serikali ifanye hesabu kadiri fedha ilizotengewa zitakavyoruhusu. Baada ya miaka 13 kesi ilirudi kwenye leja. Serikali ya Rais Obama na Cobell wakakaa mezani, na Desemba 2009 wakatangaza makubaliano ya dola bilioni 3.4. Kati ya hizo, katika mgawanyo wa mwisho, bilioni 1.9 zilikuwa za kununua vile vipande vilivyogawanyika mno na kuvirudisha kwa makabila. Bilioni 1.5 na kidogo zilikuwa za wadai wenyewe. Riba haikutajwa mahali popote kama riba. Katika suluhu hakuna anayekiri jina la kitu, kila upande huondoka ukiita fedha zilezile jina unalopenda.

Hapo ndipo ugomvi wa pili ulipoanza.

Kwetu Afrika Mashariki tumezoea kwamba gharama hufuata matokeo: aliyeshindwa humlipa aliyeshinda. Sheria ya Kenya ya mwenendo wa kesi za madai inasema hivyo, na ya Tanzania inamtaka jaji anayekwenda kinyume aandike sababu zake. Katika amana kuna nyongeza tuliyoirithi kutoka mahakama za Uingereza: mdhamini anayeitetea amana kwa nia njema hulipia mawakili kutoka katika mfuko wa amana. Nyongeza hiyo imeua mifuko mingi. Mwaka 1893, katika shauri la Beddoe, mdhamini alipigania kesi, kisha akataka mfuko umlipe gharama zake. Mahakama ikamwambia alipaswa kuja kwanza kuiomba ushauri kabla ya kuingia vitani na fedha za wengine. Wakili yeyote anayemshauri mdhamini bila kumtajia Beddoe anamtafutia balaa.

Marekani kila mtu humlipa wakili wake, ashinde asishinde. Kanuni hiyo ina tundu moja kubwa, nalo lilitobolewa na kesi ya amana. Francis Vose alikuwa na hati za deni za reli za Florida, zilizodhaminiwa na mamilioni ya ekari za ardhi ya jimbo. Wadhamini wa ardhi ile walikuwa wakiitapanya kwa bei ya kutupa. Vose aliwashtaki mwaka 1870, akapigana miaka kumi na zaidi, akaokoa sehemu kubwa ya mali, na wadai wenzake ambao hawakutoa hata senti wakaja kuchukua sehemu yao. Mapema miaka ya 1880 Mahakama Kuu ilikubali kwamba si haki mmoja abebe mzigo na wote wale: gharama za mawakili wa Vose zitoke katika mfuko aliouokoa. Lakini alipoomba pia alipwe kwa muda wake mwenyewe, nauli za treni na bili za hoteli, ilikataa kabisa. Majaji waliogopa kwamba ukimlipa mnufaika mshahara wa kushtaki, utazalisha watu wanaoishi kwa kushtaki.

Ada ya mawakili wa Cobell ilisimama juu ya kanuni ya Vose, na ndiyo maana iliuma. Fedha hazikutoka kwa serikali juu ya bilioni 1.5, zilikatwa humohumo. Kila dola ya wakili ilikuwa dola ambayo bibi fulani wa Montana au Oklahoma hakuipata. Siku ya makubaliano pande mbili zilisaini karatasi ya pembeni: mawakili hawataomba zaidi ya dola milioni 99.9, na serikali haitatetea chini ya milioni 50. Wabunge kadhaa walitaka mpaka wa milioni 50 uwekwe ndani ya sheria. Sheria ikapita mwishoni mwa 2010 bila mpaka huo. Mwanzoni mwa 2011 mawakili wakamwandikia Jaji Thomas Hogan, ambaye sasa ndiye aliyekuwa na jalada, wakieleza kwamba kazi yao ilistahili dola milioni 223.

Nimejaribu kuwatazama kwa jicho la huruma. Walifanya kazi kwa ahadi ya kulipwa wakishinda tu, kwa takriban miaka 15, dhidi ya mpinzani ambaye fedha za mawakili haziwezi kumwishia. Milioni 223 ni chini ya asilimia 15 ya mfuko, na katika kesi za makundi Marekani mahakama zimewahi kutoa asilimia 25 na zaidi. Hoja hiyo ina uzito. Ila mtu aliyeshinda kesi ya kumfundisha mdhamini kushika ahadi anapaswa kuitazama saini yake mwenyewe kabla ya kuandika nambari mara mbili na zaidi ya aliyoahidi. Serikali ilisimama kwenye milioni 50. Hogan alitoa milioni 99, yaani kama asilimia 6.5 ya mfuko, ndani ya mipaka ya ile karatasi.

Kisha likaja suala la Cobell mwenyewe. Mwaka 1997 alikuwa amepata tuzo ya MacArthur, akaingiza fedha zake katika kesi. Taasisi za hisani nazo zilichangia mamilioni. Wadai wakuu wakaomba zaidi ya dola milioni 10 za kufidia gharama hizo. Kivuli cha Vose na bili zake za hoteli kikarudi. Hogan alitoa milioni 2.5 kwa wadai wakuu wanne waliobaki, wote pamoja, milioni 2 kati yake za Cobell, akisema humohumo ndimo mna gharama zao. Naona alikosea. Hofu ya mapema miaka ya 1880 ilimhusu tajiri wa hati za deni. Mweka hazina wa Blackfeet aliyechangisha fedha ili maskini laki tatu wapate kusikilizwa ni mtu wa aina nyingine, na kanuni isiyoweza kuwatofautisha inahitaji kufanyiwa kazi.

Kiasi hichohicho ambacho mimi nakiona kidogo, wengine walikiona kikubwa mno. Mmoja wa wadai alikata rufaa akidai kwamba malipo maalumu ya Cobell yanamweka mbali na wenzake, kwa kuwa anayeahidiwa milioni ana sababu ya kukubali suluhu ambayo wa elfu moja angeikataa. Hoja si ya kipuuzi. Cobell alifariki kwa saratani tarehe 16 Oktoba 2011, akiwa na miaka 65, rufaa zikiendelea. Mahakama ya Rufaa iliitupa hoja ile Mei 2012.

Desemba mwaka huo hundi za kwanza zilianza kutumwa: dola 1,000 kwa kila aliyekuwa katika kundi la waliodai hesabu, awe na kisima cha mafuta au sehemu ndogo ya malisho yaliyokauka. Malipo ya kundi la pili, waliodai usimamizi mbovu wa mali, yalisubiri hadi 2014, kwa kuwa kwanza ilibidi wapatikane wenyewe na warithi wao, na orodha za wizara zilikuwa na anwani za watu waliohama au kufariki zamani. Hakuna hundi hata moja iliyoambatana na taarifa ya akaunti tangu 1887. Kwa masharti ya suluhu, dai la kuonyeshwa hesabu lilifutwa.